Mlima wa Nne

Kwa wiki tatu Sylvester alitembea mjini Tabora akiwa na mlima mfukoni. Haukuwa mkubwa. Ulikuwa sawa na kipande cha sabuni ya mche, mwekundu wa tofali, na upande wake mmoja ulikuwa na mikunjo midogo midogo kama mchanga wa mtoni maji yakishapungua. Mtu mwingine angeuita kijiwe. Sylvester aliuita mlima, na yeyote aliyesimama karibu naye kwa muda wa kutosha kusalimiana vizuri alionyeshwa, atake asitake.

Tumsamehe. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, amesoma mpaka darasa la kumi, na alikuwa amegundua jambo ambalo serikali nzima ya Tanganyika ilikuwa hailijui. Mtu wa namna hiyo hatembei, anapita.

Kazi yake ilikuwa ukarani, lakini si ule wa kukaa mezani. Alikuwa karani wa mzungu mmoja mrefu, mtaalamu wa mawe, ambaye jina lake kwenye barua lilikuwa na herufi nyingi kuliko haja, kwa hiyo wapagazi walikuwa wamempa la kwao: Bwana Nyundo. Bwana Nyundo hakupita jiwe bila kulipiga. Alilipasua, akalitazama ndani kwa kioo cha kukuzia, akataja alichokiona, na Sylvester akaandika daftarini kisha akalipaka jiwe namba kwa rangi nyeupe. Walifanya hivyo kutwa, na jioni wapagazi wakayabeba mawe yale kambini huku wakiuliza kama kwao Ulaya mawe yalikuwa yamekwisha.

Mwaka ule wa 1953 walikuwa wamekaa miezi mitano huko magharibi, ng'ambo ya mto Malagarasi, kwenye nchi ya juu ambako milima mitatu imesimama peke yake, kila mmoja na uwanda wake, kama ndugu watatu waliogombana msibani. Wapagazi waliipa majina kwa sura zake: Meza, Kofia na Nundu.

Yote mitatu ni milima ya mchanga. Si mchanga wa kuchota kwa koleo, la, ni mchanga ulioshikamana hata ukawa jiwe. Bwana Nyundo alimweleza Sylvester jambo hili siku ya kwanza, wawili wameketi ukingoni mwa Meza, miguu ikining'inia. Zamani, alisema, zamani ambayo hata samaki walikuwa hawajaanza, hapa palikuwa na maji mapana yasiyo na kina. Mito ikaleta mchanga, ikautandaza, ikaleta mwingine juu yake, kama mtu anayetandika mikeka. Chini kabisa kokoto nyeupe. Juu yake mchanga mwekundu wenye mikunjo ya maji. Juu yake tena mchanga mweupe, mgumu kama jino. Uzito ukakandamiza, muda ukapita, mikeka ikawa mawe.

"Basi tangu hapo ikawa milima mitatu," Sylvester alisema.

"Haikuwa hata mmoja. Ilikuwa bamba moja, kutoka hapa hadi usikoona. Mvua na mito vikalila. Pale ambapo ule mkeka mweupe wa juu ulikuwa mgumu zaidi, ukawa kama paa, ukavikinga vilivyo chini yake. Unachokiona ni masalia."

Sylvester aliitazama Kofia, akaitazama Nundu, maili saba mbali, akaona hewani kitu ambacho hakipo, kikipita kutoka kilele hadi kilele. Tangu siku ile akili yake haikurudi kwenye ukarani.

Swali lililobaki lilikuwa moja: bamba lile lilifika wapi upande wa mashariki? Tabora yote imekaa juu ya itale, yale mawe ya kijivu yanayometameta, majabali ya mviringo ambayo watoto huyateleza mpaka kaptula zinatoboka. Bwana Nyundo alikuwa ameyapiga nyundo kila upande wa mji na hakuwahi kukuta hata punje ya jiwe la mchanga.

Hakukuta, mpaka Sylvester alipokwenda kumsalimia shangazi yake Josepha. Shangazi alikaa kijijini, maili kumi na mbili magharibi ya mji, na njia ya mkato ilikuwa ile ya zamani ya misafara, ambayo siku hizi ilibaki kwa ng'ombe na waendesha baiskeli wakaidi. Tairi la nyuma lilitoboka. Akaisukuma baiskeli kwenye kivuli, na pale nyasini akaona rundo la mawe, urefu wake hadi kiunoni, upana wake kama kibanda. Mawe mekundu. Mawe meupe kama jino. Mengine yana mikunjo ya maji. Akaokota moja, akalipasua kwa jingine, akatema mate juu ya mpasuko kama alivyofundishwa, na moyo wake ukaanza kupiga ngoma.

Bwana Nyundo aliletwa kesho yake kwa lori. Alilizunguka rundo mara mbili, kisha akamshika Sylvester mkono kama wanavyoshikana wazungu wakikutana kwao.

"Hapa palikuwa na mlima," alisema. "Umeliwa wote. Haya ndiyo makombo."

Basi kwenye ramani kubwa iliyokuwa ikitayarishwa, katikati ya rangi ya waridi ya itale, likachorwa doa la manjano magharibi ya Tabora. Ramani ingekwenda Dodoma, kwenye makao ya wataalamu wa mawe, kwa treni ya Ijumaa, mkononi mwa Bwana Nyundo mwenyewe, na ingechapwa. Pamoja nayo ingekwenda barua, ambayo Sylvester alikuwa ameisoma kichwa chini miguu juu kutoka upande wa pili wa meza: kwamba karani huyu, kwa ugunduzi huo, astahili kuchukuliwa Dodoma kufundishwa kazi ya mawe yenyewe, si ya kuandika namba. Apewe na nyundo yake.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa asubuhi ya Jumatano, alipotumwa mtaa wa Mtendeni kupeleka visu vya kambini kunolewa.

Mnoaji wa Mtendeni alikuwa mwanamke, Bi Mwanajuma binti Mabruki, na wachinjaji wote wa soko walimwogopa kidogo. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na kitu, mikono mifupi yenye nguvu, kanga ya pili imefungwa kiunoni, na barazani kwake kulikuwa na beseni la maji, magunia mawili na vinoo vya kila aina. Asubuhi ile mchinjaji Lukumani alikuwa amekaa kwenye ngazi akisubiri kisu chake kikubwa.

"Shikamoo, Bi Mwanajuma."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta nini?"

"Visu vitano na panga mbili. Vya Bwana Nyundo."

Alichukua kisu cha kwanza, akakitazama kwa jua. "Huyu bwana wako anakatia nini? Haya si makali, ni meno ya mamba."

"Ndiye yule anayepiga mawe," Lukumani alisema. "Labda amechanganya vyombo."

"Mawe mengine yana faida," Sylvester alisema, na mkono ulikuwa tayari umeshaingia mfukoni. "Mama, tazama hili. Unajua hiki ni nini?"

Alimweleza yote, na alieleza vizuri, maana alikuwa ameshafanya mazoezi kwa nusu ya mji: maji mapana, mikeka, bamba, mvua, mlima uliosimama peke yake maili kumi na mbili kutoka barazani pale, mrefu kuliko kanisa na msikiti vikibebana, ambao leo yeye Sylvester anaweza kuutia mfukoni. Lukumani alisikiliza mdomo wazi. Bi Mwanajuma alinyoosha mkono, akapewa jiwe. Akalichovya kwenye beseni, akaliweka juu ya goti, akachukua kisu cha mkate cha Bwana Nyundo na kukipitisha juu yake, mbele, nyuma, mbele, nyuma.

"Mama, hiyo ni sampuli."

"Ni kinoo," alisema Bi Mwanajuma. "Tena kizuri. Sikia kinavyolia."

"Ni jiwe la mlima."

"Kwani vinoo vingine vinaota bustanini?" Alikigeuza. Upande wa pili, ule usio na mikunjo, ulikuwa laini na umebonyea katikati. "Na hapa pamefanywa na nani?"

"Upepo. Maji. Vinakula mawe taratibu."

"Upepo wa wapi huo unaokula upande mmoja tu, tena katikati, tena kwa upana wa wembe?"

Lukumani alianza kucheka polepole, kama maji yanayokaribia kuchemka. Sylvester alisema kwamba elimu ya mawe ni pana na haielezeki barazani. Bi Mwanajuma alimwachia ajisemee, akamaliza kisu, akakifuta, ndipo akaanza.

"Baba yangu Mabruki alikuwa mpagazi. Amebeba pembe kutoka Ujiji mpaka pwani kabla sijazaliwa. Sasa nikwambie walivyokuwa wakirudi. Mtu haingii Tabora na vumbi la miezi sita na nywele kama kichaka. Kambi ya mwisho ilikuwa hapo hapo pako, mwendo wa siku moja kasoro. Pana maji karibu. Wanalala, asubuhi wanafua, wanatoa nguo mpya kwenye mizigo, wananyoana vichwa na ndevu, halafu ndiyo wanaingia mjini kwa ngoma, kila mtu anang'aa. Wembe utanolewa kwa nini?"

Sylvester alilitazama jiwe lake juu ya goti la Bi Mwanajuma.

"Kwa kinoo. Kila mpagazi alikuwa nacho, amekiokota kwenye milima hiyo hiyo yako ya ng'ambo ya Malagarasi, maana huku kwetu mawe ni ya itale, yanang'ata chuma, hayakinoi. Wakishanyoana wanakiacha pale pale. Walisema kinoo cha njiani ukikiingiza ndani, mwenye nyumba hatulii, ataondoka tena. Mtu mmoja jiwe moja, msafara watu mia tatu, miaka hamsini. Piga hesabu, wewe ndiye uliyesoma."

"Kwa hiyo," alisema Lukumani akifuta macho, "serikali imechora kinyozi kwenye ramani."

"Hadithi za wapagazi," Sylvester alisema, lakini sauti ilitoka nyembamba kuliko alivyoikusudia.

"Kachimbe," alisema Bi Mwanajuma bila ubaya wowote. "Mlima una chini. Rundo la watu lina nyasi tu."

Kisha, kwa sababu hakuwa mwanamke wa kumwacha mtu na swali nusu, aliingia ndani akarudi na kinoo kimoja kilichofungwa kitambaa. Kilikuwa na rangi ya ini, laini hata kidole kiliteleza. Alisema ndicho cha baba yake. Yeye peke yake alikaidi na kukileta nyumbani, na kweli hakutulia, akaondoka tena mara tatu. "Chekundu ni cha shoka na jembe. Cheupe ni cha kuondolea kutu. Lakini mtu anayejipenda alinolea wembe kwa hiki. Walikitoa mlima mmoja tu, wenyewe walipaita Mnoleo."

Sylvester alikishika. Miezi mitano alikuwa amepaka namba kwenye kila aina ya jiwe la Meza, Kofia na Nundu, na rangi ile hakuwahi kuiona. Lakini siku hiyo kichwa chake kilikuwa na msiba wake, na alikirudisha bila kuuliza zaidi.

Alhamisi alfajiri alipanda baiskeli. Kwa shangazi Josepha aliazima jembe, akamwambia ni kazi ya serikali, jambo ambalo kwa wakati ule lilikuwa bado kweli.

Alichimba mahali patatu. Pembeni ya rundo, katikati yake baada ya kulipangua, na hatua ishirini mbali. Mlima hata ukiliwa wote huacha kitu, hilo alilijua vizuri sasa: huacha kokoto za chini, huacha mchanga uliobomoka, huacha mapande makubwa ambayo hata mvua imeyachoka. Hapa hapakuwa na mchanga. Palikuwa na nyasi, mizizi, udongo wa kijivu, kisha jembe likagonga itale na kulia. Katikati ya rundo alikuta mkaa wa zamani, na chini ya mkaa ubapa wa wembe ulioliwa na kutu hata ukawa mwembamba kama jani la mhindi. Akayachukua mawe moja moja. Hakuna lililozidi ukubwa wa mkono unavyoweza kushika. Akageuza la kwanza: lina kibonde. La pili: kibonde. Alipofika la arobaini aliacha kuhesabu.

Akakaa chini. Na hapa ndipo tumtazame kwa makini, maana hapakuwa na mtu mwingine wa kumtazama. Treni ilikuwa kesho. Walioijua habari hii walikuwa mnoaji mmoja na mchinjaji mmoja, na wala hakuna kati yao aliyekuwa na desturi ya kusoma ramani za Dodoma. Angeweza kulirudisha rundo kama lilivyokuwa, akapanda treni, akapewa nyundo yake. Doa la manjano lingechapwa, na wataalamu wangelitazama kwa heshima kwa miaka hamsini.

Aliliwaza jambo hilo kwa muda wa kutosha kula kiazi kimoja kikavu. Kisha akaona jinsi itakavyokuwa: kila atakapoiona ramani ile ukutani, wengine watauona mlima na yeye ataona watu mia tatu wenye mapovu kichwani. Asingeweza kuinua nyundo bila kucheka, na mtu anayejicheka mwenyewe hawezi kazi. Isitoshe alikuwa ameipenda ile elimu kweli. Aliipenda kwa sababu haikujali nani amesema, ulichimba, ukaona.

Basi akaanza kuliangalia rundo upya, safari hii si kama mlima bali kama lilivyokuwa: mzigo wa watu. Na jambo lililokuwa limemfedhehesha likageuka ghafla kuwa la kuvutia. Mawe haya yalikuwa yamechaguliwa. Watu waliojua makali walikuwa wamepita kwenye milima yote ya njia ile, wakachukua kilicho bora, wakamletea hapa bila malipo. Akayatenga kwa rangi. Mekundu, fungu kubwa. Meupe, dogo. Na ya rangi ya ini, kumi na saba, ambayo hakuna hata moja lililotoka Meza, Kofia wala Nundu.

Kwenye fungu la ini palikuwa na moja lenye rangi mbili. Nusu yake ilikuwa nyeupe, ngumu kama jino. Nusu nyingine rangi ya ini. Mahali zilipokutana hapakunyooka: ilikuwa mikunjo ya maji, imekatwa upande kiasi kwamba ilionekana kama meno ya msumeno, na ncha za meno zote zilielekea upande wa ini.

Sylvester alilitazama mpaka jua likamhama. Mikunjo ya maji ina ncha juu na mabonde chini. Aliyeona mchanga wa mtoni anajua. Kwa hiyo nyeupe ilikuwa chini, ikatandikwa kwanza, na ini ikaja baadaye ikajaza mabonde. Mkeka wa nne, juu ya ule uliodhaniwa kuwa wa mwisho. Kwenye milima mitatu ulikuwa umeshaliwa. Mahali fulani ulikuwa bado upo, la sivyo hakungekuwa na cha kuokota.

Ijumaa saa nne asubuhi Bwana Nyundo alikuwa kwenye chumba chake karibu na stesheni, anakunja ramani aitie kwenye mkebe wa bati. Sylvester alisimama mlangoni akiwa na kikapu.

"Umechelewa. Sanduku la saba la mawe limeshapigwa misumari?"

"Limepigwa, Bwana. Lakini ramani usiifunge. Ule mlima haupo."

"Ndiyo, tunajua haupo. Umeliwa."

"Haukuwapo kabisa."

Akamweleza. Hakujificha mahali popote, hata habari ya kinyozi aliisema jinsi Lukumani alivyoisema. Akaweka mezani jiwe moja, akaonyesha kibonde, la pili, kibonde, la tano, la kumi, na ule wembe uliokutwa chini ya mkaa. Bwana Nyundo alikaa. Masikio yake yalipata rangi ya jiwe lenyewe.

"Nilisimama pale saa nzima," alisema hatimaye. "Nimesoma mawe miaka kumi na minane, na sikugeuza hata moja."

"Mimi nimekaa nalo mfukoni wiki tatu, Bwana. Nimelionyesha mji mzima kwa upande wa mbele tu."

Bwana Nyundo alikunjua ramani. Akachukua kisu, kimoja kati ya vile vilivyotoka kunolewa, akaanza kukwangua doa la manjano polepole, mpaka karatasi ikabaki nyeupe. Kisha akaitazama barua iliyokuwa mezani, na Sylvester naye akaitazama.

"Unaelewa kwamba barua hii inasema umegundua mlima."

"Naelewa. Ndiyo maana nimekuletea mwingine." Akatoa jiwe lenye rangi mbili, akaliweka juu ya barua yenyewe. "Nyeupe ni ya juu kabisa ya Meza, utaijua. Nitajie hii ya ini."

Bwana Nyundo alichukua kioo chake. Aliinama, akalisogeza dirishani, akalowesha kwa ulimi, akainama tena. Sylvester hakumsaidia. Alijua zile ncha zinaelekea wapi, na alijua kwamba huyu mtu naye atajua.

"Ini iko juu," alisema Bwana Nyundo.

"Juu, Bwana."

"Hili limetoka wapi?"

"Mlima wa nne. Unaitwa Mnoleo. Jana jioni nilirudi kwa Bi Mwanajuma nikamuuliza mpaka akanifukuza. Sisi tulikwenda kwa reli, tukaona milima inayoonekana kutoka kwenye reli. Wapagazi hawakuwa na reli. Njia yao ilipita kaskazini zaidi, na baba yake alisema ukishavuka Malagarasi ni mwendo wa siku mbili, mlima uko mkono wa kulia, una ubavu uliochongwachongwa."

"Baba yake alisema. Miaka sitini iliyopita. Sasa hivi umetoka kuniambia hadithi ya wapagazi imetuua, na papo hapo unataka niifuate nyingine."

"Hadithi ya wapagazi haikutuua, Bwana. Ya kwetu ndiyo ilitudanganya. Ile ya wapagazi niliichimba mahali patatu, na pote ilikuwa kweli."

Kule nje treni ilipiga filimbi ya kwanza. Bwana Nyundo aliikunja ramani yenye tobo jeupe, akaitia kwenye mkebe. Barua hakuichana, aliitia kwenye kitabu, na kitabu kwenye begi.

"Wiki tatu," alisema. "Hema dogo, wapagazi wanne, dira. Kama upo, barua nitaiandika upya. Kama haupo, utakuwa umenipotezea milima miwili kwa mwezi mmoja, na karani wa namna hiyo simwezi."

"Upo," alisema Sylvester, akambebea begi mpaka stesheni.

Siku ya tatu baada ya kuvuka mto, wapagazi walikuwa wameshaanza maneno. Kiongozi wao alikuwa Masolwa, mtu mzima wa Usukuma mwenye miguu mirefu na mdomo mrefu zaidi. Siku mbili za Mabruki zilikuwa zimekwisha jana yake, na mkono wa kulia hapakuwa na kitu isipokuwa miombo na ukungu.

"Karani," alisema Masolwa, "huu mlima wako una miguu? Labda umesikia tunakuja."

"Baba yake Mwanajuma alibeba pembe na alikuwa na haraka ya kurudi kwa mkewe. Nyinyi mmebeba hema na mnasimama kila penye asali. Siku zake mbili ni zenu nne."

"Haya. Na ikifika ya tano?"

"Ikifika ya tano utapumzika, maana tutakuwa juu yake."

Hakuwa na uhakika kwa asilimia mia. Lakini alikuwa na jiwe, na jiwe lilikuwa limetoka mahali. Siku ya nne ukungu uliondoka saa tatu asubuhi kama mtu aliyevuta pazia, na mlima ulikuwa pale, mkono wa kulia, peke yake juu ya uwanda. Ulikuwa mrefu kuliko Meza, na juu ya mstari mweupe ambao kwa wenzake ndio uliokuwa mwisho, huu ulikuwa na kofia ya rangi nzito.

Masolwa aliushusha mzigo. "Nakubali," alisema. "Haujakimbia."

Walipanda kwa ubavu wa mashariki, na Sylvester alikuwa akitaja mambo kabla hayajafika. Kokoto nyeupe, alisema, na zikaja, zimeshikana kama njugu kwenye kashata. Sasa wekundu, na ukaja, na mikunjo yake ya maji yote imelala upande uleule kama ya Nundu, mchanga uliotembezwa na maji yaleyale. Sasa jino. Mweupe ulikuja, mgumu, nyundo ikaruka mkononi. Alipita juu yake kwa mikono na magoti, na alipoinua uso alikuwa ana kwa ana na ukuta wa rangi ya ini, kimo cha watu wawili, laini, umejaa makovu ya kuchongwa. Makovu mengi hata hayahesabiki, mengine ya zamani yameota kuvu, kila moja kwa kipimo cha kiganja.

Aliweka kiganja chake kwenye kovu moja, likamtosha. Kisha akatoa kamba ya kupimia, akampa Masolwa ncha moja, akamwambia apande juu kabisa.

Jioni, jua likiwa bado lipo, aliandika:

"Bwana. Mlima upo mahali ulipotakiwa kuwa. Mikeka ya chini mitatu ni ile ile ya Meza, kwa mpangilio ule ule. Wa nne una unene wa futi kumi na moja na nusu na umekaa juu ya mweupe, kama nilivyokuambia. Bamba letu lilikuwa nene kuliko tulivyodhani. Wa Dodoma waambie ramani isichapwe kwanza. Mimi ni wako, S., aliyeko kileleni."

Aliisoma mara mbili, akafuta maneno "kama nilivyokuambia", akayawaza, akayaandika tena.

"Sasa tumemaliza?" aliuliza Masolwa. "Kesho tunarudi?"

"Kesho tunashuka mpaka kwenye kokoto," alisema Sylvester, akifunga bahasha, "tuanze kupima upya kutoka chini. Upande huu tumeuona. Mlima una pande nne."

Masolwa aliwageukia wenzake akawaambia kwa Kisukuma jambo ambalo liliwachekesha sana, kisha akaanza kupiga vigingi vya hema.